Kijiji Kinachojua Bei ya Sura

Sisi tunaofanya kazi za majumbani huku Italia tuna siku zetu mbili: Alhamisi kuanzia mchana, na Jumapili yote. Ukipita maeneo ya stesheni ya Termini hapa Roma Alhamisi jioni utatukuta tumejaa, kila watu na lugha yao, tunatuma hela nyumbani, tunakula vya kwetu, tunawasengenya waajiri. Na mimi nilikuwa wa huko. Siku hizi Alhamisi yangu inaishia kwenye darasa la rangi za maji, katika chumba kilicho chini ya kanisa moja, kina unyevunyevu na taa nyeupe inayoumiza macho. Darasa hilo ndilo lililonifikisha Anticoli Corrado, Jumapili moja ya mwezi Mei.

Kabla ya safari yenyewe kuna kisa lazima nikitangulize. Wiki tatu nyuma, mwenzetu mmoja darasani, mzee mstaafu wa benki, aliniuliza kama ningekubali kukaa mbele wanichore. Alisema sura yangu ingewapa mazoezi mazuri. Mwalimu akanitazama aone nitajibu nini. Nikasema nimekuja kuchora, sikuja kuchorwa, nikainamia karatasi yangu. Hakuna aliyenuna. Ila njiani kurudi nilikuwa na donge kooni na sikulielewa. Wamenikosea nini? Wameomba kwa adabu, nimekataa, yamekwisha. Nikakumbuka utoto wetu Msasani, Dar es Salaam, watalii wakitukuta tunacheza rede: wanachuchumaa, wanabofya kamera, wanacheka na sisi, wanaondoka. Yaani kuna nyumba ya mtu huko duniani yenye picha yangu nikiwa na miaka sita, meno ya mbele hayapo, na mwenyewe sijawahi kuiona.

Basi. Tulikutana Ponte Mammolo, kituo cha treni ya chini ya ardhi ambako mabasi ya kwenda milimani yanaanzia, saa mbili kasorobo asubuhi. Tulikuwa kumi: wanafunzi wanane pamoja na mimi, Mwalimu, na shoga yangu wa Mombasa ambaye hachori hata duara. Yeye alikuja kupunga upepo. Alikuwa na mtandio wa rangi ya zambarau, miwani ya jua, na bakuli la plastiki limefungwa kwenye leso. Mwalimu wetu ni mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, hana maneno mengi. Alipoliona lile bakuli akauliza kama ni rangi. Shoga akamjibu kwa Kiitaliano chake cha Piazza Vittorio, kule sokoni: "Ni mahamri. Utajua."

Anticoli iko mashariki ya Roma, juu ya bonde la mto Aniene, mita 500 na ushei kutoka usawa wa bahari. Watu wake hawafiki elfu moja. Basi linakuacha chini kidogo, halafu unapanda. Kwa mbali kijiji kinaonekana kama mtu kamwaga kapu la mawe juu ya mlima na mawe yakang'ang'ania hapohapo: nyumba juu ya nyumba, paa la huyu ndilo kibaraza cha yule. Njia ni vichochoro na ngazi, na kwa kuwa gari haiwezi kupita, unachosikia ni mbayuwayu na vyombo vinavyooshwa jikoni kwa watu.

Vijiji vya namna hii Italia ni vingi mno, na vingine vina sura nzuri kuliko hiki. Kilichomfanya Mwalimu atulete huku ni historia yake. Tangu karne ya 19 Anticoli imejulikana kwa wachoraji na watu kama kijiji cha wasanii na modeli. Wanawake wa huku, na wanaume, na watoto, walikuwa wakishuka Roma kusimama mbele ya wachoraji kwa malipo. Modeli wa kutoka milimani walikuwa wakisubiri kazi kwenye ngazi za Piazza di Spagna, wamevaa nguo za kwao, kama vile kwetu mafundi wanavyokaa kijiweni na misumeno yao wakisubiri mteja. Huyu anafaa kuwa Bikira Maria, yule mwenye ndevu anafaa kuwa mtume, kile kitoto kikibandikwa mbawa ni malaika. Kisha wachoraji wakaanza kuwafuata modeli kwao. Wakapanga vyumba na mabanda, wakayageuza studio. Alikuja Mmarekani Maurice Sterne, alikuja Felice Carena, alikuja mchongaji Arturo Martini. Alikuja Fausto Pirandello, mtoto wa yule mwandishi Luigi Pirandello aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1934, na Fausto huyo akaoa huku, akamchukua Pompilia D'Aprile, modeli wa Anticoli. Wachoraji waliooa modeli hawakuwa mmoja wala wawili.

Tulifikia Piazza delle Ville, uwanja mkubwa wa kijiji. Katikati kuna chemchemi aliyoichonga Martini mwaka 1926, Safina ya Nuhu, wanyama wamezunguka na maji yanatiririka. Shoga yangu alisimama mbele yake akahesabu wanyama kwa kidole. "Nabii Nuhu na safina yake," akasema, "nilidhani nitakuja kuona masanamu tu, kumbe kuna mtu namjua." Pembeni lipo kanisa la San Pietro, la tangu karne ya 11, na ndani yake kuna michoro ya ukutani iliyofifia. Nilichungulia nikatoka, maana mwanga wa asubuhi ulikuwa unakimbia na Mwalimu alishaanza kufoka.

Tukaenda kujaza vikopo vyetu maji. Hapo napo pana hadithi, na mwenzangu mmoja aliyewahi kufundisha historia ndiye aliyenisimulia tukiwa kwenye foleni ya bomba. Bonde hili ndilo lililoinywesha Roma. Warumi walijenga mfereji wa Aqua Marcia kuanzia mwaka 144 KK kutoka chemchemi za bonde hilihili mpaka mjini, urefu wa kilomita 91 hivi, sehemu kubwa chini ya ardhi. Baadaye ukafa, na mwaka 1870 Papa Pius wa Tisa akazindua maji yake upya, siku kumi kabla majeshi ya Italia hayajaingia Roma na kumwondolea utawala wa mji. Maji hayo ndiyo yanayorushwa na Chemchemi ya Naiadi pale Piazza della Repubblica, karibu na Termini. Hapo nikashtuka, maana naipita kila Alhamisi. Ina wanawake wanne wa shaba, uchi, mmoja na bata maji, mmoja na farasi, mwingine na joka. Alizichonga Mario Rutelli. Walipowekwa pale mwaka 1901 palikuwa na zogo kubwa la watu wa dini, chemchemi ikazungushiwa uzio, na mwisho uzio wenyewe ukavunjwa na vijana waliochoka kuchungulia. Watu wa Anticoli wanasema msichana aliyesimama mbele ya Rutelli alikuwa wa kwao. Kwa hiyo kama wasemavyo ni kweli, maji yametoka bonde hili na umbo limetoka bonde hili, vikaenda kukutana mjini.

Nikajaza kikopo changu nikaenda kutafuta mahali.

Nilichagua kichochoro chenye kivuli, mbele ya nyumba moja ya mawe ya kijivu, mlango wa mbao uliokwaruzika na madirisha mawili ya vibao vya kijani. Chini ya dirisha moja palikuwa na kopo kubwa la nyanya limepandwa mrehani. Nikafungua kigoda, nikabandika karatasi kwenye kibao kwa utepe, nikapanga rangi.

Inabidi niseme nilikojifunza kushika brashi. Nimekulia jirani na mafundi wa Tingatinga. Mjomba wangu alikuwa na meza pale karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, na nikitoka shule nilikuwa nampakia madoa ya chui, senti kwa senti. Kazi ile aliianzisha Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, akafa 1972, na mafundi wameiendeleza mpaka leo. Unachukua hadibodi, unaipaka rangi ya msingi, unaacha ikauke, halafu juu yake unaweka mnyama kwa rangi ya mafuta ileile ya kupakia baiskeli na mageti. Mnyama haji kukusimamia. Chui unamtoa kichwani. Na ukikosea unasubiri ikauke, unafunika.

Rangi za maji ni kinyume chake chote. Nyeupe hakuna: nyeupe ni karatasi yenyewe, na ukishaipaka imekwenda. Mwanga unaanza kuupangia mahali pake kabla hujalowanisha brashi. Kukosea hakufunikwi. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa narudi nyumbani na makaratasi yaliyojikunja kama chapati iliyokosa mafuta, mpaka Mwalimu akanilazimisha ninunue karatasi ya kueleweka, gramu 300, ya Fabriano. Huo ni mji wa huku Italia uliokuwa ukitengeneza karatasi tangu karne ya 13, na ndiko walikogundua kuipaka karatasi gelatini ya wanyama ili isifyonze wino. Bei yake inakufanya ufikiri mara mbili kabla ya kuigusa, na nadhani hilo nalo ni sehemu ya mafunzo.

Shoga yangu alikuwa amekaa ngazini nyuma yangu akinitazama napima maji. Akauliza hizi rangi zashikana kwa kitu gani, mbona ni vumbi na maji tu. Nikamwambia ni gundi ya mgunga, nyingi inatoka Sudan. Akacheka. "Kwa hivyo Mzungu hapaki ila Mwafrika amshikie." Nikamwongezea na sandarusi: zamani babu zetu wa Mrima walikuwa wakiichimba ardhini, inapelekwa Unguja, inapakiwa majahazi na meli kwenda Ulaya na Marekani kupikwa vanishi. Akaniambia ninyamaze nichore, nisije nikadai na Vatikani.

Nikachora. Penseli kidogo, kisha rangi ya ukuta, kijivu chenye njano kwa mbali. Mwalimu ana agizo moja analirudia hadi usingizini: finya macho. Ukifinya macho vitu vidogovidogo vinapotea, yanabaki mafungu matatu, giza, nusu giza na mwanga. Nikafinya. Nikapaka kivuli cha paa, nikaacha mstari mweupe pale jua lilipogusa kizingiti. Nikaweka madirisha mawili ya kijani. Nilikuwa nimejisikia fundi kweli.

"Hilo si dirisha langu."

Sauti ilitoka juu. Bibi kizee alikuwa ameegemea kwenye dirisha lenyewe, la kushoto, akiwa na aproni ya maua na miwani imening'inia kifuani. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Kutoka juu aliiona karatasi yangu vizuri kuliko mimi. Nikamsalimu, nikamwomba radhi, nikamuuliza kosa ni lipi. Hakujibu. Akafunga kibao kimoja, nikasikia kandambili zinashuka ngazi ndani kwa ndani, mlango ukafunguliwa.

Alisimama begani kwangu na kidole kikaja mpaka karibu kugusa rangi mbichi. "Haya yako yako sawa. Yangu hayako sawa."

Nikainua macho. Kweli. Dirisha la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa kiasi cha kiganja kizima, tena jembamba zaidi, na kizingiti chake kilikuwa jiwe la rangi nyingine. Nimekaa mbele yake saa nzima. Nyumba ilikuwa ya ndugu wawili, akasema, wakagombana, wakaigawa kwa ukuta katikati, na huyu mmoja akashusha sakafu yake ili apate chumba cha juu cha kukaushia mahindi. Hivyo dirisha likashuka. "Ukiyaweka sawa," akasema, "umewapatanisha. Hawakupatana."

Nilicheka lakini nilijua nimefanya nini. Nilichora dirisha kama ninavyochora chui. Nililitoa kichwani. Niliona vibao vya kijani, kichwa kikasema dirisha, mkono ukaweka dirisha, na la pili nikalinakili kutoka la kwanza. Macho yalikuwepo kwa heshima tu. Mjomba angeipenda ile picha. Bibi hakuipenda.

Nikachukua karatasi nyingine. Bibi akaingia ndani, nikadhani yameisha, akatoka na kiti cha majani akakaa pembeni yangu. Muda wote wa picha ya pili alikaa pale, akimenya maharage mabichi kwenye sufuria, akitoa maelekezo. Kibao kile kinaning'inia, bawaba moja imekatika. Mrehani umechoka, uchore umechoka. Shoga yangu akafungua bakuli. Bibi akachukua hamri, akalinusa, akauliza limetiwa nini, akaambiwa iliki na nazi. Akala taratibu, macho ukutani. Akachukua la pili. Akasema hata wao wana maandazi ya kukaanga ila hawatii "dawa".

Ndipo akatueleza kuhusu bibi yake. Alikuwa modeli. Alikuwa akishuka Roma na wanawake wenzake msimu wa baridi, kazi za shamba zikipungua, anarudi na hela na soksi za watoto. Nilitegemea hadithi ya uzuri wake. Hakuitaja. Alizungumzia miguu. Bibi yake alikuwa akirudi miguu imevimba kama mkate, kwa sababu ya kusimama saa tatu bila kusogea, juu ya ubao, mkono umeshika mtungi usio na maji. Alikuwa akisema afadhali kulima. Lakini bei ya kusimama alikuwa akiipanga mwenyewe, kabla hajavua viatu, na mchoraji akianza kubembeleza anavaa shali yake anaenda kwa mwingine. "Walimwona mtakatifu," akasema, "yeye alikuwa anahesabu."

Nikamsimulia kisa cha darasani, vile walivyoniomba nikakataa. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, ambaye nimejuana naye kwa saa mbili. Alimaliza kumenya ganda alilokuwa nalo mkononi.

"Walikwambia bei gani?"

"Hawakutaja bei."

"Na wewe hukutaja?"

Shoga yangu aligonga goti lake. "Si hilo! Mimi nilikwambia toka siku ile. Wamwonea haya nani?"

Hakuniambia kitu siku ile, kwa kumbukumbu yangu, lakini sikubishana.

Mchana tulikula pamoja uwanjani, mkate, jibini ya kondoo, zeituni, maharage ya Bibi aliyotuletea yamekaangwa na kitunguu. Waliotaka nyama ya nguruwe waliila upande wa pili wa benchi kwa kumheshimu shoga. Mahamri yaliisha dakika tano. Baadaye tukaingia makumbusho ya sanaa ya kijiji, yaliyoanzishwa mwaka 1935 kwa kazi walizozitoa wasanii walioishi hapa. Fikiria kijiji cha watu wasiofika elfu moja kina makumbusho yake ya sanaa ya kisasa. Nyingine ni mandhari, sikuzikalia sana. Nilikaa kwenye nyuso. Bibi alikuja nasi, naye alikuwa anatembea mle ndani kama yuko msibani kwa watu anaowajua, anatikisa kichwa kidogo kwa huyu na yule. Mbele ya picha moja alisema pua hiyo bado ipo, inauza mboga chini kule. Mbele ya nyingine alisema tu, "Amechoka huyu." Nikatazama vizuri. Kwa haraka ungesema mwanamke yule ana huzuni, au anawaza mambo makubwa. Bibi yuko sahihi. Alikuwa amechoka shingo.

Tulipotoka ilikuwa saa kumi, basi ni saa kumi na mbili, na jua lilikuwa limelala kwenye uwanja mzima kwa rangi ya asali. Mwalimu akasema tunayo nafasi ya kazi moja fupi. Mzee wa benki akaanza kutafuta mahali pa kuweka kigoda. Mimi nikajisikia nimesimama.

Nikawaambia nitakaa. Dakika arobaini, kwenye jiwe la chemchemi. Bei ni euro mbili kwa kila mchoraji, zilipwe kabla. Hakuna kupiga picha kwa simu. Na kazi zikiisha nitaziona zote, na moja nitakayoichagua nitaondoka nayo.

Pakawa kimya kidogo. Mwalimu ndiye aliyefungua pochi kwanza, akaweka sarafu kwenye kiganja changu bila kusema kitu, na usoni alikuwa na kitu kama cheko. Wengine wakafuata. Walikuwa wanane pamoja naye. Mzee wa benki alikuwa na noti ya euro tano, akaniambia nibaki na chenji, nikamwambia hapana, mbili. Bibi akamchenjia.

Jamani, kukaa ni kazi. Dakika kumi za kwanza unajiona malkia. Kisha pua inawasha. Kisha unagundua umeukunja mguu vibaya na sasa ni wa mtu mwingine. Nzi anatua mkononi, anatembea, anafikiri, anabaki. Nyuma yangu maji ya safina yalikuwa yanamwagika bila kukoma, na kila mtu aliyewahi kukaa karibu na bomba linalotiririka anajua hilo linamfanya mtu atake nini. Na wale watu wanane hawanitazami mimi. Niliogopa macho yao bure. Walikuwa kama kuku wanaokunywa maji: kichwa chini, kichwa juu, kichwa chini. Mmoja anatazama shavu tu. Mwingine yuko begani robo saa nzima. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunionea huruma, wala kunitamani, wala kunishangaa. Walikuwa wanahangaika na karatasi inayokauka.

Katikati Mzee wa benki akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwama, achukue kahawia gani. Alikuwa na visanduku vyake vinne vya kahawia mbele yake. Nikamjibu bila kugeuza shingo: usichukue kahawia. Chukua Siena iliyochomwa na bluu ya oltremare, uzichanganye juu ya karatasi siyo kwenye sahani, na kwenye paji la uso uache karatasi, maana hapo pana anga. Haya niliyajua muda mrefu, nimejichora kwenye kioo cha bafuni mara nyingi. Siena mbichi ni udongo wa njano, zamani ukichimbwa huku Toscana. Ukiuchoma, maji yaliyomo kwenye kutu ya chuma yanatoka, unageuka mwekundu. Oltremare maana yake ng'ambo ya bahari, kwa sababu zamani jiwe lake lilikuwa linasafirishwa kutoka Afghanistan, kabla Wafaransa hawajapata njia ya kuipika bluu hiyo kiwandani miaka ya 1820. Zikikutana hizo mbili zinatoa weusi ambao una joto upande mmoja na ubaridi upande mwingine. Kahawia ya kwenye kisanduku inatoa ukuta wa udongo. Nikaona wenzake watatu nao wanasuuza brashi.

Dakika arobaini zilipokwisha sikuweza kunyanyuka. Shoga akanishika mkono. Wakapanga picha zote nane chini, kwenye ngazi za kanisa, wakaweka vijiwe pembeni zisipeperuke.

Ya Mwalimu ilikuwa ndiyo nzuri, mistari michache, shingo yangu mwenyewe, hakuna ubishi. Tatu nilikuwa ni mwanamke yeyote wa kitabu cha shule. Moja nilikuwa namfanana shangazi yangu marehemu, sijui yule mama alimtoa wapi. Ya Mzee wa benki usoni ilikuwa ni ajali. Oltremare ilimkimbia ikashuka mpaka kidevuni, nikawa na ndevu za bluu. Lakini alikuwa ameanza kutoka chini, na chini alikuwa na muda wa kutosha. Alikuwa amechora miguu. Kandambili zangu za ngozi, ukanda wa kushoto uliolegea, kidole gumba kilichojikunja kwa sababu kilikuwa kinauma, na ule uvimbe juu ya kifundo ambao huwa naupata nikisimama sana kazini. Wengine wote miguu yangu waliikatia kwenye kingo ya karatasi.

Nikasema nachukua hii.

Akaniambia hapana, chukua ya Mwalimu, hii imeharibika. Nikamwambia makubaliano ni makubaliano. Bibi aliiinamia, akavaa miwani yake, akaitazama miguu kwa muda, akaivua miwani.

Tulipokuwa tunafunga vigoda Bibi akanifuata, akanyoosha kiganja. Nilidhani anataka kuniaga, nikaushika mkono. Akauvuta, akakifungua tena kiganja.

"Euro mbili," akasema. "Anayekutafutia kazi na yeye anapata chake. Ndiyo desturi ya hapa."

Shoga yangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikampa. Akaihesabu, ingawa ilikuwa sarafu moja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, na akaniuliza Jumapili ijayo tunakuja saa ngapi.